Kebo za balansi kwenye gramafoni ya nyumbani: mvumo unapita wapi, na XLR inasaidia lini

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Naguru, Kampala, ameniandikia kwamba ana gramafoni ya Technics SL-1200MK2 aliyoinunua ikiwa imetumika, yenye katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya Denon DL-103, na kwamba amplifaya yake ya santuri, ile inayokuza ishara dhaifu ya katriji kabla ya amplifaya kuu, iko kwenye kabati upande wa pili wa sebule, umbali wa kebo ya mita tatu. Anapoongeza sauti husikia mvumo mzito chini ya muziki, na usiku, santuri ikiwa imekwisha, husikia kwa mbali mtu akizungumza kama aliye redioni. Muuzaji amemshauri anunue kebo mbili ghali zenye plagi za RCA (zile za kawaida za vifaa vya muziki vya nyumbani) upande mmoja na XLR (za pini tatu, kama za maikrofoni) upande wa pili, pamoja na amplifaya mpya ya santuri yenye matundu ya XLR, akimwahidi kwamba mfumo wa balansi, ambao ishara hupita katika nyaya mbili zilizo sawa ndani ya wavu wa kinga, utaondoa mvumo wote na kuongeza nguvu ya sauti mara mbili. Ameongeza kwamba plagi ya amplifaya imekatwa pini ya athi (waya wa usalama unaoshuka ardhini, yaani "earth"), kwa kuwa fundi alimwambia hivyo mvumo unapungua. Anauliza kama ahadi za muuzaji ni za kweli, kama kebo hizo zinatosha, na kama mambo yatakuwa yale yale siku atakapoirudisha katriji yake ya zamani, Ortofon 2M Red.

Mwalimu, gramafoni yako inafaa kufungwa kwa balansi kuliko kifaa kingine chochote kilichomo sebuleni mwako. Hata hivyo, kebo ulizooneshwa hazitakupa balansi, na sehemu ya mvumo unaousikia huenda haitokani na kebo hata kidogo. Kabla hujatoa shilingi, naomba tufuatane katika njia ambayo mvumo unapita, maana aliyeijua njia hiyo hayumbishwi tena dukani.

Tuanzie kwenye sindano. Ndani ya DL-103 mna koili mbili ndogo sana, moja ya upande wa kushoto na moja ya upande wa kulia, zinazotikiswa na sindano mbele ya sumaku. Kila koili ina ncha mbili, na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye athi. Ndiyo maana nyuma ya katriji kuna pini nne: nyeupe na buluu ni ncha mbili za koili ya kushoto, nyekundu na kijani ni ncha mbili za koili ya kulia. Watu wamezoea kuziita buluu na kijani "athi", na hapo ndipo kosa linapoanzia. Buluu si athi. Ni nusu ya pili ya ishara, yenye hadhi sawa na nyeupe, kwa kuwa umeme wa muziki unaotoka kwa nyeupe hauna budi kurudi kwa buluu. Athi ya kweli ni waya wa tano, ule mwembamba wenye kibati cha umbo la uma unaoufunga kwenye skrubu nyuma ya amplifaya, na kazi yake ni kulishikilia bomba la mkono na kisanduku cha chuma visigeuke antena. Mikono mingi ya gramafoni, ile ya SME kwa mfano, ina soketi ya pini tano kwa sababu hiyo hiyo: nne za ishara na moja ya athi.

Chanzo cha namna hii, chenye ncha mbili zilizo huru, ndicho ambacho fundi wa sauti hukitamani. Maikrofoni ya kanisani imeundwa vivyo hivyo, koili mbele ya sumaku, na kwa sababu hiyo kebo yake inaweza kutambaa mita 50 kutoka madhabahuni hadi kwenye miksa, ikipita kando ya nyaya za taa, bila kuleta mvumo. Laini za simu zilitangulia kuutumia utaratibu huo tangu karne ya 19, zikisafirisha sauti kilomita nyingi juu ya nguzo. Katriji yako mwenyewe ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, kwa hiyo asili yake ni studio. Ni nyumbani tu ambako ishara iliyo dhaifu kuliko zote imezoeleka kufungwa kwa plagi ya RCA, plagi ambayo pini yake ya katikati inabeba ncha moja ya ishara na ganda lake la nje linabeba ncha ya pili na kinga kwa pamoja.

Udhaifu wa ishara hiyo si wa kusema tu. DL-103 hutoa takriban milivolti 0.3, yaani mikrovolti 300, ilhali mashine ya CD hutoa takriban volti 2, zaidi ya mara elfu sita ya hapo. Kisha kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau. Santuri hukatwa kiwandani sauti nene zikiwa zimepunguzwa na nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kufuata mkondo wa RIAA, chama cha kampuni za santuri cha Marekani, uliokubaliwa mwaka 1954, na amplifaya ya santuri huurudisha muziki katika hali yake kwa kufanya kinyume. Kwenye hezi 50 nyongeza hiyo ni kama desibeli 17 juu ya ile ya hezi 1,000, ambayo ni sawa na kuzidisha mara saba. Umeme wetu wa Uganda ni volti 240 na hezi 50. Kwa hiyo mvumo wa umeme wa nyumba huangukia pale pale ambapo amplifaya ya santuri imeagizwa kukuza kwa nguvu kubwa.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya kebo ya kawaida ya RCA. Humo, waya wa kurudishia ishara na wavu wa kinga ni kitu kimoja. Transfoma ya gramafoni, transfoma ya amplifaya na kila kifaa kilichochomekwa ukutani huvujisha umeme kidogo, na umeme huo hutafuta njia ya kupita kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Njia iliyo rahisi ni wavu wa kebo. Tuseme, kwa mfano tu, mikroampia 100 zinapita kwenye wavu wenye ukinzani wa omu 0.05. Hapo huzaliwa mikrovolti 5, na kwa kuwa wavu ndio huo huo waya wa kurudi, mikrovolti 5 hizo hujumlishwa na muziki wako bila mtu kuweza kuzitenganisha tena. Zizidishe mara saba za RIAA, upate 35, kisha uzilinganishe na zile 300 za muziki wenye nguvu ya kutosha: ni kama sehemu moja ya tisa. Kwenye kipande cha santuri chenye gitaa moja na sauti ya chini ya mwimbaji, mvumo huo huwa karibu sawa na muziki. Ongeza urefu wa kebo, na ukinzani wa wavu huongezeka pamoja nao. Mita zako tatu hazikusaidii.

Kebo ya balansi hutenganisha kazi hizo mbili. Ndani yake mna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na wavu wa kinga unazizunguka zote mbili bila kubeba ishara yoyote. Umeme unaovuja hupita kwenye wavu ukaishia kwenye kisanduku cha amplifaya. Kile kinachofanikiwa kupenya hadi kwenye nyaya za ndani huingia katika zote mbili kwa kiasi kile kile, kwa kuwa zimesokotwa na ziko mahali pamoja. Amplifaya yenye ingizo la balansi haiulizi kila waya una volti ngapi. Huuliza tofauti iliyopo kati ya waya mmoja na mwenzake. Fikiria mizani ya bakuli mbili ya muuza nyanya wa soko la Nakasero: mvua ikinyesha sawasawa katika bakuli zote mbili, mkono wa mizani hausogei, ila ukiweka nyanya upande mmoja husogea papo hapo. Muziki ni nyanya na mvumo ni mvua.

Mizani hiyo ni ya kweli endapo tu bakuli zenyewe ni sawa. Bill Whitlock, mhandisi wa Marekani aliyeiongoza kampuni ya Jensen Transformers, alilisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: balansi ni usawa wa impidansi (ukinzani dhidi ya umeme unaogeuka-geuka) ya kila waya kuelekea athi, wala si lazima waya mmoja ubebe ishara na mwingine ubebe kinyume chake. Katriji hutimiza sharti hilo kwa maumbile yake, mradi hakuna mtu aliyeunganisha ncha yake moja na athi mahali popote njiani. Kiunganishi kimoja tu cha siri huibatilisha kazi yote.

Kuhusu ahadi ya sauti maradufu, hiyo haipo kwako. Imetokana na vifaa vingine vyenye amplifaya mbili ndani, moja ikisukuma waya wa kwanza na nyingine ikisukuma waya wa pili kwa kinyume, ambapo volti kati ya nyaya mbili huwa mara mbili ya ile ya waya mmoja. Koili yako ina volti zake 0.0003 kati ya ncha na ncha, na zitabaki hizo hizo iwe umetumia RCA au XLR. Nitaongeza kwamba ingizo la balansi lina gharama yake ndogo: likiwa limejengwa kwa transista mbili badala ya moja, za aina ile ile, mchachato wa transista zenyewe huongezeka kwa kama desibeli 3. Amplifaya iliyobuniwa vizuri hulipunguza jambo hilo lisisikike, lakini ni vyema ujue kwamba balansi huondoa mvumo unaotoka nje, haiondoi mchachato unaozaliwa ndani. Wala haiongezi besi, haipanui jukwaa la sauti, haiwapi waimbaji pumzi mpya. Yeyote anayekuahidi hayo anauza kitu kingine.

Tuje kwenye kebo ulizooneshwa. Kebo nyingi zenye RCA upande mmoja na XLR upande wa pili huwa zimefungwa hivi: pini ya katikati ya RCA inakwenda kwenye pini ya 2 ya XLR, na ganda la RCA linakwenda kwenye pini ya 3 na ya 1 kwa pamoja. Pini ya 2 na ya 3 ndizo za ishara. Pini ya 1 ni ya wavu wa kinga. Ukiunganisha ya 3 na ya 1 umeurudisha waya wa buluu kwenye athi, na umepata kebo ya RCA iliyovaa koti la XLR. Chukua maltimita (kipimo cha umeme) dukani, iweke kwenye hali ya kulia inapokuta mawasiliano, upime pini ya 1 na ya 3 kebo ikiwa haijachomekwa popote. Maltimita ikilia, rudisha kebo kwa mwenyewe na umshukuru kwa upole.

Amplifaya nayo ipimwe, ikiwa imezimwa na imechomolewa ukutani. Kwenye kila tundu la XLR la kuingizia, pima kutoka pini ya 1 hadi ya 2, kisha kutoka ya 1 hadi ya 3. Ingizo la kweli litakupa vipimo viwili vinavyolingana. Ukikuta pini ya 3 iko kwenye sifuri kuelekea pini ya 1, tundu hilo ni pambo, na bei yake isikutishe wala isikuvutie.

Hata hivyo, kabla ya kupima vya dukani, pima cha nyumbani. Miaka iliyopita niliifungua gramafoni ya rafiki yangu, nikabadilisha nyaya zote kuwa za balansi, nikalehemu XLR kwa uangalifu ambao hadi leo naukumbuka, kazi ya siku nzima, na tulipowasha mvumo ulikuwa pale pale. Transfoma kubwa ya amplifaya ilikuwa sentimita ishirini kutoka kwenye mkono wa gramafoni, na uga wake wa sumaku ulikuwa ukiingia moja kwa moja ndani ya koili za katriji. Mvumo wa aina hiyo huzaliwa kati ya ncha na ncha ya koili, mahali pale pale muziki unapozaliwa, kwa hiyo kwa amplifaya ya balansi huo ni muziki kama muziki mwingine. Hakuna kebo duniani itakayouondoa. Niliisogeza amplifaya rafu mbili chini, na kukawa kimya. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuanza na jaribio linalochukua dakika moja.

Jaribio lenyewe ni hili. Zima mota ya gramafoni, weka sauti mahali ambapo mvumo unasikika, kisha uinue mkono na uupitishe polepole juu ya sahani kutoka nje kuelekea katikati, bila sindano kugusa kitu. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri katriji inavyosogea, tatizo ni uga wa sumaku, na dawa ni umbali: isogeze amplifaya, adapta za chaja, kisanduku cha intaneti ya nyumbani na kila kifaa chenye transfoma. Mvumo ukibaki vile vile popote mkono ulipo, basi tatizo liko kwenye nyaya na athi, na hapo balansi inaweza kuwa dawa yako. Usishangae ukikuta yote mawili kwa pamoja.

Sauti ya mtu anayezungumza ni jambo la tatu, na kwa mkazi wa Naguru halina fumbo. Mlima Kololo uko jirani yako na minara yake ya utangazaji, na wimbi la redio la megahezi 100, katikati ya masafa ya FM, lina urefu wa karibu mita 3, sawa na kebo yako. Kebo hiyo ni antena nzuri ajabu. Mawimbi yakifika kwenye transista ya kwanza ya amplifaya, ambayo iliundwa kwa ajili ya muziki tu, transista hiyo huyageuza kuwa sauti. Na ingawa nguvu ya wimbi la FM kwa kanuni haibadiliki, njia isiyo sawa ndani ya kebo hubadilisha mtikisiko wa masafa kuwa mtikisiko wa nguvu, na maneno yakasikika. Balansi husaidia hapa kwa sehemu. Kinachosaidia zaidi ni wavu wa kinga kufika kwenye kisanduku cha chuma pale pale plagi inapoingilia, kwa njia fupi kabisa, badala ya kuzunguka kwanza ndani ya saketi. Neil Muncy aliandika mwaka 1995 kuhusu kasoro hiyo, ambayo mafundi huiita tatizo la pini ya 1, na inasikitisha kwamba vifaa vyenye kasoro hiyo bado vinatengenezwa. Pete ya feraiti (kauri nyeusi yenye chuma) ikibanwa kwenye kebo karibu na amplifaya ni msaada wa bei ndogo, na kuifupisha kebo ni msaada wa bure.

Hilo linanileta kwenye ushauri ambao ningeutanguliza kama ningekuwa nimekutembelea: hamisha amplifaya ya santuri, siyo kebo. Iweke karibu na gramafoni, kwa umbali wa nusu mita hivi, ila transfoma yake isielekee upande wa mkono. Zile mita tatu za kuvuka sebule ziachie ishara iliyokwisha kukuzwa, ambayo ina nguvu kama mara elfu moja kuliko ile ya katriji na haitishwi na mikrovolti tano. Kama amplifaya yako kuu ina matundu ya XLR ya kweli, hapo unaweza kutumia balansi kwa ishara hiyo kubwa na hutapoteza kitu. Nimeona wengi wakimaliza tatizo lao kwa hatua hii peke yake, na sipendi kumwuzia mtu dawa ya pili kabla hajameza ya kwanza.

Ukibaki na mvumo baada ya hapo, au kama kabati haliwezi kusogezwa, basi fanya kazi ya balansi ipasavyo. Chomoa gramafoni ukutani kabla ya kuifungua, kwa maana mna volti 240 ndani ya kisanduku hicho. Kebo ya SL-1200MK2 imelehemiwa kwenye kibao kidogo chini ya mkono, na hapo utakuta sehemu za ishara za kushoto na kulia, za kurudi za kushoto na kulia, na ya athi ikiwa peke yake. Ondoa kwanza ganda la kichwa, kile kipande cha mwisho wa mkono kinachobeba katriji, pamoja na katriji yake, kwani maltimita hupitisha umeme wake yenyewe na koili za DL-103 ni laini mno kufanyiwa hivyo. Kisha pima kutoka ganda la kila plagi ya RCA hadi waya wa athi. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Nasisitiza hili kwa gramafoni yako kwa sababu SL-1200 nyingi zilizotumika zilipitia mikononi mwa madijei, na wengi wao waliunganisha athi na waya wa kurudi humo ndani ili kuepuka usumbufu wa waya wa tano. Ukikuta kiunganishi hicho, kitoe. Mwenye gramafoni ya Rega naye aangalie, maana mikono ya Rega hupitisha athi ya bomba kwenye upande wa kurudi wa kushoto.

Kebo ya kutumia si ya anasa. Ile ya maikrofoni, yenye nyaya mbili na wavu mnene, inayouzwa kwa mita na wanaofunga vyombo vya muziki vya makanisa na harusi, inatosha kabisa. Kwa upande wa kushoto, nyeupe iende pini ya 2 na buluu pini ya 3; kwa upande wa kulia, nyekundu pini ya 2 na kijani pini ya 3; wavu uende pini ya 1, na upande wa gramafoni ufungwe kwenye sehemu ya athi ya mkono. Waya wa tano uubakize, ujaribu ukiwa umefungwa na ukiwa haujafungwa, uache hali iliyo kimya zaidi. Ukibadilisha kwa bahati mbaya pini ya 2 na ya 3 upande mmoja tu, hakuna kitakachoungua, ila besi itapungua na mwimbaji hatasimama tena katikati ya spika. Ikikutokea, utajua pa kuangalia.

Na kama amplifaya yako haina ingizo la balansi, usiharakishe kununua mpya. Kebo hiyo hiyo ya nyaya mbili inaweza kufungwa plagi za RCA, waya mmoja kwenye pini na mwingine kwenye ganda, huku wavu, upande wa amplifaya, ukiwa hauigusi plagi bali umeunganishwa na skrubu ya athi peke yake. Si balansi kamili, kwa sababu ganda la RCA litafika kwenye athi ndani ya amplifaya, lakini umeme unaovuja utakuwa umepata njia nyingine ya kupita. Njia bora zaidi kwa katriji yako ni transfoma ya kukuzia yenye uwiano wa 1 kwa 10. Koili yake ya kwanza haina haja ya athi, kwa hiyo ni balansi ya asili isiyohitaji hata transista moja, milivolti 0.3 zinakuwa 3, ambazo ingizo la kawaida la katriji za sumaku inayotikisika linazipokea vizuri. Na omu 47,000 za ingizo hilo, zikigawanywa kwa 100 (yaani 10 mara 10), zinaonekana kwa katriji kama omu 470, mzigo unaoifaa DL-103 yenye impidansi ya omu 40. Hakikisha tu kwamba matundu ya kuingizia ya transfoma hiyo hayajaunganishwa na athi ndani ya kisanduku chake. Napenda njia hii kuliko zote, na ndiyo ningeifuata kwa pesa zangu.

Siku utakapoirudisha 2M Red, hesabu itabadilika. Hiyo ni katriji ya sumaku inayotikisika, inatoa milivolti 5.5, kwa hiyo mvumo ule ule utasikika hafifu zaidi kwa sababu ishara ni karibu mara kumi na nane ya ile ya DL-103. Haja ya balansi inapungua, na hatari mpya inaingia: kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wa nyaya zake kuhifadhi chaji ya umeme. Koili zake zina indaktansi ya milihenri 700, na Ortofon wanashauri jumla ya pikofaradi 150 hadi 300. Kebo ya maikrofoni yenye pikofaradi 100 kwa mita, ikiwa na urefu wa mita tatu, ina 300 tayari. Ongeza 150 za amplifaya, upate 450, na mwangwi wa umeme kati ya koili na kebo unashuka hadi karibu na hezi 9,000, katikati kabisa ya sauti za matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Santuri itasikika kali mahali hapo na kufifia juu yake. Kwa jumla ya pikofaradi 200 mwangwi huo huwa zaidi ya hezi 13,000, ambako hausumbui sana. Kwa hiyo kwa 2M Red kebo iwe fupi, isizidi mita moja, na uepuke kebo ya nyaya nne za kusokota ambayo mafundi wa jukwaani huipenda, kwani kapasitansi yake kwa kawaida ni kubwa zaidi. DL-103 na omu zake 40 haijali jambo hili hata kidogo.

Kwa katriji za sumaku angalia pia kibati kidogo ambacho baadhi ya watengenezaji huweka kati ya pini ya kijani na mwili wa katriji. Katika mfungo wa RCA kinasaidia. Katika balansi kinavunja usawa wa upande wa kulia pekee, na utasikia mvumo kwenye spika moja. Kama kinaweza kutolewa bila kuiharibu katriji, kitoe. Kama hakiwezi, katriji hiyo ibaki kwenye RCA.

Jambo la mwisho linahusu ukuta wenyewe. Umesema kwamba plagi ya pini tatu ya amplifaya imekatwa ile ya athi, kwa kuwa fundi alikuambia hivyo mvumo unapungua. Irudishe leo. Mvumo hupungua kweli kwa sababu mzunguko mmoja wa athi umekatika, lakini siku transfoma itakapopata hitilafu, chuma cha amplifaya kitakuwa na volti 240 na mkono wa gramafoni, uliofungwa nacho kwa waya wa tano, utakuwa nazo vilevile, mahali ambapo wewe na wajukuu mnagusa kwa vidole kila mnapogeuza santuri. Mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa apime fimbo ya athi ya nyumba, hasa miezi ya kiangazi udongo unapokauka, na uchomeke vifaa vyote vya muziki kwenye soketi moja ya ukutani ili athi zao zikutane mahali pamoja. Ikiwa una inveta ya sola kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, isikilize gramafoni mara moja kwa umeme wa kawaida na mara moja kwa inveta: mvumo mkali unaochachatika unaotokea kwa inveta pekee ni wa inveta, na hapo usiilaumu kebo.

Ukishafanya jaribio la mkono na vipimo vya maltimita, niandikie matokeo pamoja na aina ya amplifaya uliyo nayo, nami nitakuambia kama transfoma ya 1 kwa 10 inaweza kufungwa kwake bila kubadilisha kitu kingine.